AFYA YETU: Kabla ya Kwenda Mgambo, Jenga Pumzi Polepole



Leo katika ukurasa wetu wa afya tutajifunza juu ya mazoezi ya pumzi. Somo hili ni la vijana wanaojiandaa kwenda mgambo au Jeshi la Kujenga Taifa. Ni la wazazi wao pia, na la viongozi wanaowafundisha. Hata wewe usiyekwenda jeshini utapata faida, kwa sababu moyo wa raia hufanya kazi sawa na moyo wa askari.

Mkiwa darasani, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadiliana.

KIJANA ALIYEKUWA NA HARAKA

Tuseme kuna kijana mmoja kijijini mwenu. Ana miaka 19. Amelima tangu utotoni. Anabeba gunia bila kusaidiwa. Anapata habari kwamba mafunzo yataanza baada ya wiki tatu. Anasema, "Nitawaonyesha wenzangu." Siku ya kwanza anatoka shambani saa saba mchana. Anavaa buti za kuazima. Anakimbia mpaka kwenye gulio na kurudi, kilomita 14. Kesho yake anakimbia tena. Keshokutwa vilevile.

Siku ya nne mfupa wa mbele wa mguu unamuuma. Anaukanda kwa maji ya moto, anaendelea. Siku ya kuanza mafunzo inapofika, hawezi kusimama kwenye kwata. Anarudishwa nyumbani.

Je, kijana huyu alikuwa mvivu? Hapana. Alikuwa na bidii nyingi kuliko wenzake. Kilichomwangusha ni haraka. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Tena huyo ana nafuu. Amerudi nyumbani akiwa hai. Katika majeshi ya nchi mbalimbali wamekufa makuruta siku ya mbio, vijana wazima, kwa sababu ya joto au kwa ugonjwa ambao hawakujua kwamba wanao. Vifo vingi vya namna hiyo vinaweza kuzuiwa. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

MAZOEZI YA PUMZI NI NINI?

Tazama jiko la mkaa. Mkaa ukiwa mwingi lakini hewa haipiti, moto unafifia. Mwili pia uko hivyo. Chakula ni mkaa. Hewa ya oksijeni tunayovuta ndiyo inayouwezesha moto kuwaka. Mapafu huvuta hewa. Damu huibeba. Moyo huisukuma damu mpaka kwenye misuli.

Moyo ni msuli. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Mtu mzima akitulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa siku moja unapiga mara 100,800. Hufanya kazi hiyo bila likizo.

Mazoezi ya pumzi ni kazi inayotumia misuli mikubwa kwa muda mrefu, kwa mwendo usiokata pumzi. Kutembea haraka, mchakamchaka, kuogelea na kuendesha baiskeli ni mazoezi ya pumzi. Kubeba gunia mara moja ni nguvu, si pumzi. Kwa hiyo mkulima hodari anaweza kuhema sana katika mbio za kilomita tatu. Jembe limempa mikono na mgongo. Pumzi ya mbio hujengwa kwa kutembea na kukimbia.

Mtu mmoja aliyeeneza sana elimu hii ni Dk. Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani. Mwaka 1968 alitoa kitabu juu ya mazoezi ya namna hii. Alitengeneza pia kipimo rahisi: mtu anakimbia dakika 12, kisha anapima amefika umbali gani. Aliye na pumzi nzuri hufika mbali zaidi. Kule Brazil watu walikipenda kipimo hicho, hata mbio za polepole wakaziita "cooper," kwa jina la daktari huyo. Lakini angalia: kipimo hicho si cha siku ya kwanza. Usiupime mwili ambao bado hujauandaa.

KABLA YA KUANZA, NENDA ZAHANATI

Ndugu kijana, usione aibu kupimwa. Mwambie mganga kwamba unataka kuanza mazoezi ya jeshi. Mweleze ukweli kama una jambo lolote kati ya haya:

1. Umewahi kuumwa kifua au kuzimia ukiwa unakimbia.
2. Una pumu, kisukari, kifafa au shinikizo la damu.
3. Kuna ndugu yako wa karibu aliyekufa ghafla akiwa kijana.
4. Unachoka upesi, kope zako ni nyeupe kwa ndani, au una safura.
5. Kuna mtu mwenye selimundu katika ukoo wenu.
6. Umezidi miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu.

Juu ya safura: minyoo hunyonya damu, na damu ikipungua hewa haifiki kwenye misuli. Utakimbia mwaka mzima bila kupata pumzi. Tibiwa kwanza. Chimba choo na vaa viatu ili usiambukizwe tena.

Juu ya selimundu: kuna mtu anayeugua, na kuna mtu aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu. Huyu wa pili kwa kawaida haumwi, na anaweza kufanya kazi zote. Lakini wataalamu wamegundua kwamba katika mafunzo makali, hasa wakati wa joto, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka ghafla. Huyu aanze polepole kuliko wengine, anywe maji, na miguu ikiishiwa nguvu asimame mara moja.

Ukiwa na homa, usikimbie. Homa si ya kutolewa kwa jasho la mbio. Nenda ukapimwe malaria. Ukipona, ngoja nguvu zirudi, kisha anza tena kwa kutembea.

JINSI YA KUJUA MWENDO UNAOKUFAA

Iko njia ya hesabu na iko njia ya mdomo.

Njia ya hesabu: Chukua 220, toa umri wako. Ukiwa na miaka 20, unabaki na 200. Hayo ni makadirio ya mapigo mengi kabisa ambayo moyo wako unaweza kupiga kwa dakika. Anayeanza mazoezi atumie asilimia 60 hadi 75 ya hayo. Kwako ni mapigo 120 hadi 150. Ili kupima, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 15. Zidisha kwa nne.

Njia ya mdomo: Huhitaji saa. Ukiwa unakwenda, zungumza na mwenzako. Kama unaweza kusema sentensi nzima, mwendo ni mzuri. Kama unasema neno moja moja huku unahema, umezidisha. Punguza. Katika mchakamchaka, wimbo ni kipimo chenu. Asiyeweza kuitikia tena amezidiwa, hata kama miguu yake bado inakwenda.

MPANGO WA WIKI KUMI NA MBILI

Fanya mazoezi siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati ni za kupumzisha miguu. Kila mara anza kwa kutembea dakika tano. Kila mara maliza kwa kutembea dakika tano. Usisimame ghafla baada ya mbio, maana damu hubaki miguuni na unaweza kuona kizunguzungu.

Wiki ya 1 na ya 2: Tembea haraka dakika 30.

Wiki ya 3 na ya 4: Kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 8.

Wiki ya 5 na ya 6: Kimbia polepole dakika 3, tembea dakika 2. Rudia mara 5.

Wiki ya 7 na ya 8: Kimbia polepole dakika 5, tembea dakika 2. Rudia mara 4.

Wiki ya 9 na ya 10: Kimbia polepole dakika 10, tembea dakika 2. Rudia mara 2.

Wiki ya 11 na ya 12: Kimbia polepole dakika 20 bila kusimama. Ukiona unaweza, ongeza kidogo kidogo mpaka dakika 30.

Wiki ikikushinda, irudie. Kurudia si aibu. Hata darasani mtu hurudia somo mpaka alielewe. Wakati wa palizi au mavuno, kazi ya shamba inapokuwa nzito, punguza mbio. Mwili hauna akaunti mbili, moja ya jembe na moja ya mazoezi. Uchovu wote huingia mahali pamoja.

Na kama zimebaki wiki tatu tu? Usijaribu kubana wiki 12 ndani ya wiki tatu. Fuata mpango kuanzia wiki ya kwanza, fika utakapofika. Ukifika kambini, mweleze afande kwamba ndiyo kwanza umeanza.

Mkitaka kupima umbali, pimeni mita 100 kwa kamba kwenye njia iliyonyooka. Kwenda na kurudi ni mita 200. Kwenda na kurudi mara tano ni kilomita moja.

MIFUPA HUCHELEWA

Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia, katika Ujerumani ya leo, aliyeitwa Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba nyayo kwa sababu ya kutembea mwendo mrefu. Wakati ule hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1895 mashine ya eksirei ikagunduliwa. Miaka miwili baadaye picha zake zikaonyesha jambo la kushangaza: mifupa ya miguu ya askari wa namna hiyo ilikuwa na nyufa.

Nyufa hizo hutokea hivi. Ukianza mazoezi, pumzi huongezeka baada ya wiki chache. Unajisikia hodari. Lakini mfupa hujijenga polepole kuliko mapafu na misuli. Ukiongeza mbio kwa sababu pumzi ipo, mfupa ambao haujawa tayari hupasuka kidogo kidogo. Hayo ndiyo yaliyompata kijana wetu.

Dalili ni hizi: maumivu yako mahali pamoja, unaweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Ukipabonyeza panauma. Ukikimbia yanazidi. Ukipumzika yanapungua. Ukiona hivyo, acha mbio na nenda zahanati. Kukanda na kuendelea ni kuugeuza ufa kuwa kuvunjika.

Dada zetu wanaokwenda jeshini wamo katika hatari hii zaidi, hasa wakila kidogo. Msichana akiona siku zake za mwezi zimekoma wakati wa mazoezi, amwone mganga. Yawezekana mwili unasema kwamba chakula hakitoshi. Kula ugali, maharage, dagaa, mboga za majani na matunda. Usikimbie mara tu baada ya kula. Ngoja kama saa mbili.

Juu ya viatu: buti mpya usizikimbilie. Zivae kwanza ukitembea karibu na nyumbani mpaka zilainike. Katambuga zinafaa kwa kutembea, lakini hazishiki mguu vizuri katika mbio. Aliyezoea kukimbia peku achague njia ya majani au udongo laini, aangalie misumari na vigae, na aulize zahanati juu ya chanjo ya pepopunda.

JOTO HUUA HARAKA

Misuli inayofanya kazi hutoa joto. Jasho hulipoza. Jua likiwa kali na hewa ikiwa na unyevu, jasho halikauki na joto hubaki mwilini. Miaka ya 1950, katika kambi ya Parris Island huko Marekani, makuruta wengi waliugua kwa joto. Wakuu wao wakaanza kupima joto, unyevu na jua kwa pamoja, na kupandisha bendera. Rangi ya bendera ilionyesha kazi kali ifanywe kwa kiasi gani, au isimamishwe. Wagonjwa wa joto wakapungua. Mpaka leo bendera nyeusi katika majeshi ya Marekani maana yake ni kusimamisha mazoezi makali.

Sisi kijijini tufanye haya:

1. Tukimbie alfajiri au jioni. Saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri si wakati wa mbio.
2. Tuvae nguo nyepesi. Kuvaa koti au nailoni ili kutoa jasho ni hatari.
3. Kijana wa Njombe aliyezoea baridi akienda kambi ya Pwani, apewe siku 10 hadi 14 za kuzoea joto kabla ya kazi kali.
4. Tunywe maji safi yaliyochemshwa, kabla, wakati na baada ya mazoezi.

Je, kunywa maji mengi mno ni vizuri? Hapana. Maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na wako askari waliokufa kwa hilo. Mwaka 1998 Jeshi la Marekani lilibadili mwongozo wake. Tangu hapo askari haruhusiwi kunywa zaidi ya karibu lita moja na nusu kwa saa, hata joto liwe kali namna gani. Kunywa kwa kiasi. Mkojo ukiwa na rangi ya njano hafifu, maji yanatosha.

Lakini mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Yawezekana misuli imeumia na inaharibu figo.

MWENZENU AKIANGUKA

Mkimbiaji akianza kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka, kuwa mkali bila sababu, au akizimia na mwili una moto, hiyo ni hatari ya kifo. Msingoje. Fanyeni hivi:

1. Mlazeni kivulini. Mvueni viatu na nguo nzito.
2. Mmwagieni maji mwili mzima, mengi, tena na tena. Mpepeeni. Kama kuna pipa au beseni kubwa la maji, mwingizeni humo, na mmoja amshike kichwa kisizame.
3. Wakati huohuo mtu mmoja akimbilie kutafuta usafiri na kumwita mganga.
4. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu.
5. Mpozeni kwanza, kisha msafirisheni. Njiani endeleeni kumlowesha.

Akikosa pumzi kabisa, mkandamizeni kifua katikati kwa mikono miwili, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, mpaka msaada ufike.

NENO KWA WAKUFUNZI

Ndugu kiongozi, zamani makuruta wote walikimbizwa katika mstari mmoja, kwa mwendo mmoja. Wa mbele hawakupata faida, kwani mwendo ulikuwa mdogo kwao. Wa nyuma waliumia. Kitabu cha mazoezi cha Jeshi la Marekani cha mwaka 1992 kilieleza njia bora: wagawe watu katika vikundi kwa kadiri ya uwezo wao. Kila kikundi kikimbie kwa mwendo wake. Anayeendelea vizuri apandishwe kikundi.

Usitumie mbio kuwa adhabu katika jua kali. Anayesema anaumwa msikilize kabla ya kumwita mvivu. Weka mtu mmoja nyuma ya mstari, kazi yake iwe kuwatazama wa mwisho. Aliye mbele utamwona bila kumtafuta. Anayekufa huwa nyuma.

KWA KUMALIZIA

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Tangu wakati huo vijana wengi wametoka vijijini kwenda kambini. Tunataka kila anayekwenda afike mzima, ajifunze, na arudi mzima kwa mama yake.

Yule kijana wetu wa miaka 19 apone mguu kwanza. Kisha aanze upya: Jumatatu, dakika 30, kwa kutembea. Wenzake wakimcheka, awaalike waende pamoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mkulima mwenye nguvu anaweza kukosa pumzi?
2. Mtu wa miaka 30 anaanza mazoezi. Piga hesabu: asilimia 60 ya mapigo yake ni ngapi?
3. Mfupa uliopata ufa una dalili gani?
4. Mwenzenu ameanguka kwa joto. Mtaanza kufanya nini?
5. Katika kijiji chetu, njia ipi inafaa kwa mchakamchaka, na saa ngapi? Nani atakaa nyuma ya mstari?